Nyayo za Shemeji na Geji ya Nairobi

Gari la rafiki yangu halikuwa na geji ya joto, na kwa miaka minne halikuihitaji, kwa sababu lilikuwa na nyayo za mke wake.

Nikisema hivi watu hudhani natania, kwa hiyo bora nieleze. Lilikuwa lori la jeshi, lililouzwa vita vilipokwisha. Aliyelinunua alikuwa dereva Msomali wa Garissa, mtu mrefu, mkimya, aliyeanza kutia ndevu zake hina kabla hata mvi hazijaota. Kwenye dashibodi, mahali ambapo zamani palikuwa na geji, palibaki tundu tupu, na humo ndimo alimokuwa akichomeka mswaki wake. Mkewe alisafiri naye kila safari. Alikaa upande wa kushoto, akavua makubadhi, akaziegemeza nyayo kwenye lile bati linalotenganisha miguu ya abiria na injini. Bati likiwa vuguvugu, alitulia. Likianza kuuma, aliinua vidole. Likizidi, aliondoa miguu yote miwili akaikunja juu ya kiti, na hapo mumewe aliligeuza gari likatazama upepo, akazima, wakangoja. Hawakusemezana. Katika miaka hiyo minne gari halikuchemka hata siku moja, na mimi niliyekuwa fundi wake ndiye shahidi.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa. Ufundi niliupata jeshini, nikifungua na kufunga injini za magari yaliyoelekea kaskazini, na vita vilipokwisha nikabaki Garissa kwa uvivu tu wa kurudi. Nikajenga kibanda cha mabati karibu na mto, nikatundika spana zangu, na mwaka haukupita watu wakawa wamenizoea mimi na hasira zangu. Hasira zangu ni za karibu. Nati ikinikatalia naitukana, na mwenye gari akinisimamia kichwani naye hupata fungu lake. Huyu dereva peke yake alinishinda. Kila nilipoanza alisema, "Haye, walaal, maliza, mimi nangoja," walaal kwao ni ndugu, na akachutama kivulini kimya. Jaribu wewe kumtukana mtu aliyechutama.

Urafiki wetu ulianzia hapo. Kwao nilikula kuliko nilivyokula kwangu, maana wakati huo sikuwa na mke, na rafiki yangu hakuacha kunikumbusha jambo hilo kila nilipoomba chai ya pili.

Kisha, kiangazi kimoja, shemeji, yule mkewe, akajifungua mtoto wa kiume.

Hapa lazima niseme jambo ambalo mji mzima ulilijua na hakuna aliyelitaja mbele yao. Walikuwa wamezika watoto wawili. Wote wawili walifariki kabla ya kutimiza siku arobaini, na mara zote mbili baba yao alikuwa njiani, akiendesha gari la tajiri mmoja wa ngozi. Aliporudi alikuta kaburi limeshafukiwa. Baada ya huyo wa pili ndipo mkewe alipopanda gari, akasema hatakaa tena peke yake katika nyumba ile, na mumewe akanunua lori lake mwenyewe ili pasiwe na mtu wa kumkataza.

Siku chache baada ya mtoto kuzaliwa, akaja kibandani.

"Fundi," akasema, "gari yangu sasa hana miguu."

"Ana magurudumu sita. Miguu unaitaka ya nini?"

"Miguu ya mama. Mama nakaa ndani siku arobaini. Hata baada ya arobaini ako na mtoto, hawezi safari. Sasa joto nani ataniambia?"

Nikacheka, halafu nikamwona usoni, nikaacha kucheka. Nikamwambia kuwa Nairobi kuna kitu kinauzwa kikiwa ndani ya kijisanduku, ambacho kitamwambia joto la maji ya injini bila kuunguza nyayo za mtu. Akauliza kama kinasema uongo. Nikamjibu kwamba kimetengenezwa na watu waliokwenda shule. Sasa nikikumbuka jibu hilo naona haya.

Mfanyabiashara mmoja wa ngozi akakileta wiki tatu baadaye. Kilikuwa na uso wa kioo kama saa, mshale mwembamba, na mkia wa shaba mwembamba kama utambi, wenye urefu wa pima moja, ukiishia kwenye kichwa kidogo cha shaba kinachotosha kiganjani. Kile kichwa ndicho kinachokaa ndani ya maji. Ndani ya mkia mna dawa inayofura ikipata joto, na kufura kwake ndiko kunakousukuma mshale. Nilimwonya mapema kwamba mkia ule si waya wa umeme, ukikatwa umekufa, kwa hiyo urefu uliozidi huzungushwa tu ukafungwa. Aliushika kwa vidole viwili kama mtu aliyepewa yai.

Kitu kama hicho hujaribiwa kwanza katika maji yanayochemka. Siku tuliyokwenda kukijaribu nyumbani kwake, maji pekee yaliyokuwa yakichemka yalikuwa ya chai, tena ya maziwa, iliyokwisha kutiwa sukari na iliki. Nilitaka yachemshwe mengine. Yeye akaona hilo ni israfu. Basi nikakitumbukiza kichwa cha shaba ndani ya birika, na sote wawili tukauinamia ule uso wa kioo tukiwa tumepiga magoti uani. Mshale ukatikisika, ukapanda bole bole, kama rafiki yangu anavyolitamka neno polepole, mpaka ukafika mwisho.

"Mashallah," akanong'ona. "Ni kweli najua."

Shemeji alikuwa chumbani, nyuma ya pazia, kama desturi ya mzazi. Alikuwa akisikiliza kila kitu. Akamwuliza mumewe jambo kwa Kisomali, na mumewe akanigeukia.

"Mama nasema, hiyo kichwa itakaa wapi?"

"Ndani ya maji, juu ya injini."

Wakasemezana tena. "Nasema, na kama maji hakuna?"

"Mwambie kama maji hakuna, na gari hakuna!" nikajibu, na nikacheka peke yangu. Nyuma ya pazia hapakucheka mtu. Chai tuliinywa, ikiwa na ladha ya shaba kidogo.

Kuifunga geji kulinichukua siku mbili. Injini ile haikuwa na mahali pa kuiweka, kwa hiyo nilitoboa kwa keekee ya mkono kile kiwiko cha chuma ambamo maji ya moto hupita yakienda kwenye rejeta. Nikakata hesi, ile mizunguko ya kushikia skrubu, taratibu, nikizungusha nusu na kurudi robo, kwa sababu chuma kile kikipasuka kingine kiko Nairobi. Nikafunga kichwa kwa uzi wa katani na rangi nyekundu ili maji yasivuje. Mkia nikaupitisha kwenye tundu la bati, nikautilia kipande cha mpira ili mtikisiko usiukate. Mswaki ukahama. Tarakimu za geji zilikuwa za Kizungu, na rafiki yangu alisoma chuoni, tarakimu zake ni za msahafuni, kwa hiyo nilitia tone la rangi nyeupe mahali pa joto zuri na tone jekundu mahali pa kusimama. Nikafurahi na kazi yangu, nisiseme uongo. Nilipita mara tatu siku hiyo kuitazama tu.

Rafiki yangu alikuwa amekaa nyumbani siku thelathini tangu mtoto azaliwe. Unga ulikuwa umekwisha, na ngozi zilikuwa zikingoja Wajir. Siku ya thelathini na moja akaja kunichukua.

"Wewe uliweka hiyo saa," akasema. "Kaa bahali ya mama basi."

Nikafunga kibanda nikapanda. Alitaka kurudi siku ya thelathini na saba, zibaki siku tatu za kujitayarisha, kwa sababu siku ya arobaini, ambayo wao huiita afartanbah, mzazi hutoka na mtoto wake, uvumba ukafukizwa, wanawake wakaimba, na kila mtu akajua kwamba mama na mtoto wamevuka. Nyumba ile haikuwahi kuifikia siku hiyo.

Njiani kwenda alizungumza kuliko miaka yote niliyomjua. Tulipokuwa tukikaribia Modogashe aliniambia, macho yakiwa barabarani, kwamba hajamshika mtoto. Nilidhani sikusikia vizuri.

"Siku thelathini uko nyumbani na hujamshika?"

"Wa kwanza nilimshika. Wa bili nilimshika. Huyu naangalia tu, mlango nasimama." Akakwepa shimo. "Nikimshika atakwenda. Mimi najua ni ujinga, fundi. Usiniambie."

Sikumwambia. Nilitazama geji, mshale ulikuwa juu ya tone jeupe, nikasema mshale uko vizuri, na yeye akasema ahsante, kama kwamba nilikuwa nimemfariji.

Wajir tulipakia ngozi kavu mpaka zikapita kimo cha kichwa cha gari. Harufu yake siielezi. Siku ya thelathini na sita tukaanza kurudi, tukiwa na pipa la maji nusu na debe moja la kunywa. Asubuhi hiyo, mbele kidogo ya Habaswein, tulikuta jamaa wamesimama kando ya njia, mama na wazee wawili, mmoja wao ameinua juu chombo cha maji kitupu. Katika nchi ile ukiona chombo kimeinuliwa hivyo husongi mbele. Miaka yote rafiki yangu alikuwa akiwapa watu kama hao nusu debe, akijiona bahili, kwa sababu hakujua gari litakunywa kiasi gani. Mimi nikapiga kioo cha geji kwa kucha. "Gari halina kiu," nikamwambia. "Wape." Akawapa pipa lote, na uso wake ulivyong'aa nilijiona mimi ndiye niliyeyachimba maji hayo.

Saa mbili baadaye tuliingia katika mkondo mkavu wa mto, mchanga mtupu, gia ya kwanza, upepo ukitupuliza kwa nyuma. Upepo wa nyuma ni mbaya, unakwenda na gari na hauingii kwenye rejeta. Mshale ukaliacha tone jeupe ukawa unapanda. Tukitoka mchangani tulikanyaga kisiki, gari likaruka na kutua. Nikasikia kitu chini kama kofi. Tukapanda ukingo, tukaendelea, na baada ya muda mfupi nikaona mshale unaanza kushuka.

"Umeona!" nikasema. "Kazi ya geji hiyo. Tumetoka mchangani, injini inapoa."

"Gari nanuka," akasema yeye.

"Ni ngozi zako."

"Sauti nabadilika, walaal."

"Tazama mshale, usisikilize sauti! Mshale unashuka!"

Ulikuwa unashuka kweli. Ulishuka ukapita tone jeupe, na mimi nikawa nausifu. Yeye alikuwa akiitazama geji, kisha ananitazama, kisha anatazama bati lililo mbele ya miguu yangu, ambayo ilikuwa ndani ya viatu vya jeshi vyenye soli nene. Aliniamini. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Tukaenda kama maili mbili hivi, ndipo injini ikaanza kugonga kama mtu anayegonga mlango kwa nyundo, na rangi ya boneti ikatoa moshi.

Nilifungua kifuniko cha rejeta kwa tambara, nikiwa tayari kuruka mvuke. Haukutoka mvuke. Halikutoka lolote. Kisiki kilikuwa kimepasua mpira wa maji wa chini, maji yote yalibaki mchangani, na kile kichwa changu cha shaba, nilichokifunga kwa katani kwa siku mbili, kilikuwa kimening'inia katika tundu kavu kikipima hewa. Hakina maji ya kugusa, kitapandaje? Swali la shemeji likanirudia neno kwa neno.

Nikafanya jambo la kipumbavu zaidi. Nilichukua lile debe letu la kunywa nikataka kulimimina palepale. Mimi, fundi, ninayejua kwamba chuma chenye moto namna ile ukikitia maji baridi kinapasuka vipande. Rafiki yangu akanishika mkono.

"Acha abumue kwanza," akasema. Hakunigombeza. Afadhali angenipiga. Nilikwenda nyuma ya lori nikatukana mpaka maneno yakaniishia, na yote niliyaelekeza kwangu mwenyewe.

Injini ilipopoa tukatia hendeli ya kuizungushia. Tulisukuma wote wawili, na ikazunguka. Nzito, lakini ikazunguka. Alishika paji la uso wake akasema alhamdulillahi mara nyingi, kisha akahesabu kwa vidole. Siku ya thelathini na sita, bado nne.

Kabla ya alasiri ngamia wakatokea, na nyuma yao mwanamke mchungaji na kaka yake. Mwanamke alitutazama, akalitazama gari, akatupa maziwa ya ngamia kabla hata hajatusalimu vizuri. Wakazungumza na rafiki yangu kwa muda. Nilisikia neno afartanbah, na nikamwona yule mwanamke akiweka mkono kifuani. Kaka yake akafunga vyombo vya maji juu ya ngamia wawili, akageuka kurudi visimani. Kwenda na kurudi kungechukua mpaka kesho jioni. Dada mtu akachinja mbuzi, kwa sababu sisi tulikuwa wageni wake hata kama tulikuwa tumejileta wenyewe.

Rafiki yangu akaomba ngozi kabla ya nyama. Nilidhani mawazo yamemvuruga. Kumbe alikuwa na lake. Nilifunga mpira uliopasuka kwa vipande vya tyubu, kisha yeye akakata ngozi ile mbichi mkanda mrefu, akauzungusha juu ya tyubu akiuvuta kwa meno, mzunguko juu ya mzunguko, kama wanavyofunga vyombo vya maziwa vilivyopasuka. Ngozi mbichi ikikauka hujibana. Jua la siku mbili likaikausha ikawa ngumu kama pembe, na fundi wa Mombasa akajifunza kazi.

Maji yalifika kesho yake jioni, yakatiwa, mkanda ukavuja tone moja moja. Tukauvua, tukaulowesha, tukaufunga upya, tukangoja ukauke siku nyingine. Siku ile ya kungoja ndiyo iliyokuwa ndefu. Nilimwomba msamaha. Nilianza kwa maelezo ya kichwa cha shaba na hewa, akanikatiza.

"Wewe hukumwaga maji. Kisiki alifunja mpira."

"Nilikwambia utazame mshale."

"Ulitaka mimi nifike mabema," akasema. "Mimi pia nilitaka. Tulitazama kile tulitaka."

Yule mwanamke alikuwa akimlisha mbuzi mgonjwa karibu yetu. Akauliza tunasema nini, akaambiwa, akacheka, ndipo na sisi tukacheka.

Siku ya thelathini na tisa alfajiri mkanda haukuvuja. Tukaondoka. Safari hiyo nilivua viatu vyangu vya jeshi nikaziegemeza nyayo zangu za Mombasa kwenye bati. Yeye akatazama geji, mimi nikasikiliza kwa nyayo, na kila maili chache tukapeana habari. Mtu asikudanganye, kazi ile si ya mchezo. Mpaka tunafika Modogashe nilikuwa na malengelenge mawili, na nikaelewa kwamba shemeji alikuwa mtu wa subira kuliko sisi sote tukijumlishwa. Tulilala hapo kwa sababu gia za ekseli ya nyuma zilianza kulia na hatukutaka kuua gari tukiwa karibu hivyo. Yeye hakulala. Kila nilipogeuka nilimwona amekaa, anahesabu tasbihi.

Tuliingia Garissa siku ya arobaini, jioni. Nyumba yake ilikuwa nyuma ya msikiti, unakata kulia. Hakukata kulia. Alinyoosha moja kwa moja mpaka kibandani kwangu, akazima injini, akabaki ameshika usukani.

"Tumepita kwako," nikamwambia.

"Naona."

Nikangoja. Injini ilikuwa ikitoa mlio wa chuma kinachopoa.

"Nenda wewe," akasema. "Nenda angalia, kisha kuja uniambie."

Nikaanza kupandisha hasira. Mimi ni nani wa kwenda nyumbani kwa mtu siku kama ile, mgeni, mwanamume, mchafu? Akaniacha nimalize.

"Mara ya kwanza nilifika, wanawake wamekaa nje, wamenyamaza. Mara ya bili nilifika, wamekaa nje, wamenyamaza. Mimi mlango ile siwezi kuona tena. Nakuomba, fundi."

Katika miaka yote hakuwahi kuniomba kitu. Nikashuka. Nilitembea kwa kuchechemea, nyayo zikiniwaka, nikisema moyoni kwamba nikipita ukuta wa msikiti nitasikia nyimbo. Nilipita ukuta wa msikiti. Sikusikia kitu. Nikakata kona, na mbele ya nyumba nikawaona wanawake wamekaa juu ya mikeka, wamejifunika shuka zao, kimya.

Nilisimama pale njiani kama nguzo, nikiwaza nitamwambia nini, nitaanzaje, nitasimama wapi wakati namwambia. Nilikuwa nimeshageuka nusu kurudi, ndipo jirani mmoja wa makamo aliponiona akainuka na kunijia juu.

"Waryaa! Fundi! Mwanaume yuko wapi?" akanifokea. "Tangu adhuhuri tunaimba mpaka koo nakauka! Uvumba umekwisha! Mama nakataa kutoka. Nasema hatoki mlango mpaka baba yake mtoto afike. Jua naingia, yeye nakataa tu!"

Na humo ndani, nyuma ya kelele zake, nikamsikia mtoto. Alikuwa analia kwa hasira, sauti nzima, yenye afya, ya mtu aliyechoka kungojeshwa.

Niligeuka nikakimbia, malengelenge yakipasuka, na machozi yakaanza kunitoka bila mimi kuyaita, na hayakukoma. Rafiki yangu alikuwa ameshuka, amesimama karibu na gurudumu la mbele. Aliniona natokea kona, mchafu, nachechemea, nalia kama mtoto. Pumzi ilikuwa imeniisha, sikuweza kutoa hata neno. Akanitazama mara moja tu. Akateleza taratibu akiegemea gurudumu mpaka akakaa mchangani, akajifunika uso kwa shuka la begani, na nikamsikia anaanza, kwa sauti ndogo, "Inna lillahi..."

Nilimrukia nikamshika kifuani kwa mikono miwili. "Nyamaza! Nyamaza, mjinga wee! Analia! Mwanao analia, nimemsikia kwa masikio yangu, analia kuliko mimi! Na mama yake hatoki mpaka wewe ufike, amewakatalia wote, nenda!"

Hakuinuka upesi. Aliniuliza mara mbili kama nimemsikia kweli, na mara zote mbili nikamjibu kwa kupiga kelele. Kisha akaitazama mikono yake. Ilikuwa na grisi mpaka viwiko. Akaenda kwenye pipa langu la maji, akaisugua kwa sabuni na mchanga, akaisuuza, akaisugua tena.

"Nenda bwana, jua linazama."

"Nitamshika na mikono hii?" akasema, akinionyesha. "Fundi, nitamshika namna gani?"

"Mshike tu," nikamwambia. "Mshike tu, ndugu yangu."

Alianza kwa kutembea, kama mtu mzima anavyotembea mbele za watu. Alipofika kwenye ukuta wa msikiti alikuwa amepandisha kikoi chake kwa mkono mmoja na anakimbia, na watu waliokuwa wakitawadha wakasimama kumtazama. Mimi nikakaa pale pale mchangani, mgongo kwenye gurudumu. Baada ya kitambo kidogo vigelegele vikapanda kutoka nyuma ya msikiti, vingi, havikatiki, na mimi nilikuwa bado nalia.